Jiwe Lenye Msalaba Uani kwa Bibi

Juzi, pale wanapotandika vitabu vilivyotumika juu ya turubai, niliokota kimoja kisicho na jalada nikakinusa kabla ya kukisoma. Nafanya hivyo tangu utotoni. Karatasi ile nyepesi ya rangi ya uji, iliyowahi kuloa ikakauka, ina harufu yake: ukungu kidogo, moshi wa jikoni kidogo, na vidole vya watu wasiojuana. Muuzaji alinitazama kwa wasiwasi, nami nikajikuta nimerudi Kilosa, kwenye kibaraza cha bibi yangu, na ule woga wa zamani ukanirudia: woga wa kujua kwamba kati ya watu wanaocheka nasi yupo mmoja aliyekuja kwa ajili ya dhahabu.

Ninyi mlio wa umri wangu mnaikumbuka miaka ile. Vitu vilifunguliwa. Mitumba ilijaa sokoni, sabuni zikaanza kunukia, redio za kaseti zikaimba mpaka kwa vinyozi. Watu waliozoea kunong'ona wakaanza kusema kwa sauti, na waliozoea kusema kwa sauti wakaanza kunong'ona. Vyama vikawa vingi, kila kimoja na kofia yake. Mashamba ya mkonge upande wa Kimamba yakasemwa yatauzwa, na kila gari geni lililosimama mjini lilidhaniwa limekuja kununua kitu: shamba, reli, hata mlima. Hakuna aliyejua mnunuzi ni nani. Ndiyo maana kila mtu alikuwa mnunuzi.

Mama alikuwa Mikumi wakati huo, akipika kwenye mgahawa wa barabara kuu, mahali mabasi yanaposimama ili abiria wale haraka haraka kabla ya kuingia mbugani. Mimi nililelewa Kilosa na watu watatu: Bibi mzaa baba, Baba, na Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa akisuka watu nywele kibarazani. Mama alipopata mtu anayekuja Kilosa alitutumia mchele, samaki wakavu, na siku moja kitabu. Abiria alikuwa amekisahau mezani. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hatukujua kinaitwaje wala nani kakiandika. Sisi tulikiita Kitabu, basi.

Kwa kuwa mikono ya Shangazi ilikuwa kwenye vichwa vya watu, kusoma ilikuwa kazi yangu. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wateja wakiwa wameinamisha shingo, nikasoma kwa sauti ya darasani. Kilikuwa kitabu cha kutisha. Rais wa nchi isiyotajwa anakufa akinywa chai. Naibu waziri mmoja kijana, mwenye tabasamu la kumtoa nyoka pangoni, anaahidi amani na biashara huria. Kumbe anakitafuta kikombe cha dhahabu kilichoibwa kwenye hekalu la Yerusalemu, ambacho ofisa wa Kijerumani alikifukia bara wakati wa vita, chini ya jiwe lenye alama ya msalaba. Manabii walikwisha kusema kwamba atakayekinywea siku ya kuapishwa atatawala mpaka mwisho wa dunia. Na palikuwa na maneno ya unabii ambayo niliyakariri bila kupenda: atakuja akicheka, mkononi ana chuma, naye mlango hatauliza.

"Huyo ni wa chama gani?" mteja mmoja aliuliza.

"Chama cha shetani," Shangazi akamjibu. "Tulia, usinitikisie kichwa. Mistari itapinda."

"Mimi najua mtu anatabasamu hivyo hivyo. Alikuja juzi na fulana za bure."

"Na wewe ukachukua?"

"Nikachukua mbili."

Walicheka, lakini waliposimama kuondoka waliangalia barabara pande zote mbili.

Bibi hakucheka. Yeye hakujua kusoma, na jioni nilimsomea Maandiko, zile sehemu za wanyama wenye pembe na sanamu yenye miguu ya chuma iliyochanganyika na udongo. Mchana alisikia Kitabu, jioni alisikia manabii, na kwake sauti ilikuwa moja, yangu. Sidhani kama aliona pa kutenganisha. Mimi pia sikuona.

Isitoshe, jiwe tulikuwa nalo. Lilikuwa uani, nyuma ya jiko, limejitokeza kiasi cha goti la mtoto, limechongwa pande nne na juu yake pana msalaba uliokatwa kwa patasi. Babu, ambaye alifanya kazi ya reli maisha yake yote, alimwambia Bibi asiruhusu mtu yeyote aling'oe. Hakusema kwa nini. Akafa. Na mtu akishakufa bila kusema kwa nini, walio hai hujaza wenyewe.

Tena habari za mali ya Mjerumani hazikuwa za vitabuni tu. Mama alituma maneno kutoka Mikumi kwamba wamelala watu pale na mashine inayolia ikipita juu ya madini, wanauliza njia ya Kilosa kupitia Ulaya, kile kijiji cha jirani yetu. Sokoni walisema mtu fulani amebomolewa ukuta na wageni waliojifanya mafundi. Nikawa kila asubuhi nachungulia jiwe kama limesogea. Nilimwaga majivu kulizunguka ili nyayo zionekane. Nyayo zilizoonekana zilikuwa za kuku, na za Baba, ambaye alisema anatafuta mahali pa kujenga banda.

Baba alikuwa amepunguzwa kazi shamba la mkonge. Alirudi na baiskeli yake na mfuko wa nguo, akakaa. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, viganja vimechanwa na miiba ya mkonge mpaka vikawa kama magome. Alipenda Kitabu kuliko sisi sote. Alikuja kuegemea mlango nikiwa nasoma, na nilipofika kwenye Wajerumani alisema taratibu, "Hapo soma tena." Nami nilijivuna. Nilidhani ni kwa sababu nasoma vizuri.

Kisha Bibi akaanza kuumwa. Tumbo lilivimba upande mmoja, gumu, na yeye akawa anatembea ameshika ukuta. Hospitali ya mjini walisema wazi: huo ni uvimbe, utoke, apelekwe Berega, hospitali ya misheni, akapasuliwe, na asicheleweshwe. Shangazi alitafuta pikapu ya jirani. Bibi akakataa.

"Siondoki nyumbani kwangu."

"Mama, utakufa."

"Nitafia hapa. Nikiondoka mimi, hii nyumba itachimbwa."

"Na nani?"

Bibi akatazama pembeni. "Anayechimba hatangazi."

Mchungaji alikuja akaomba, akanywa chai, akashindwa. Nesi alikuja akaeleza kwa upole, kisha kwa ukali, akashindwa. Baba ndiye aliyemsihi kuliko wote. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nenda. Mimi nitabaki. Nitalinda kila kitu." Bibi alimtazama muda mrefu sana, kisha akageukia ukutani. Nilimwonea Baba huruma. Nilijua Bibi ana haki ya kuogopa, lakini niliona ajabu amnyime shukrani mtu anayejitolea kulinda.

Siku zilivyokwenda macho ya Bibi yaliingia ndani na shingo ikawa nyembamba. Alikuwa akifa, na sote tulikuwa tunaliona hilo na kulizunguka kama watu wanaozunguka dimbwi. Ndipo Shangazi alipoacha kichwa cha mtu kimesukwa nusu, akaazima baiskeli ya Baba, akaenda Ulaya. Alirudi jioni mwekundu kwa vumbi. Hakutuambia alichofuata.

Siku iliyofuata, jua limeshapanda, mtu aliingia uani bila kubisha hodi. Alikuwa mzee mrefu, miguu kama ya korongo, begani jembe, mkononi sururu. Alikuwa anacheka. Alicheka kabla hajatuona, alicheka alipotuona, akapita katikati ya wateja wa Shangazi akamchukua kuku mmoja aliyekuwa anadonoa pumba, akamfunga miguu kwa kamba aliyokuja nayo, akamtupa kivulini kama mali yake.

Anacheka. Ana chuma. Mlango hakuuliza.

"Maiti yangu iko wapi?" akapaza sauti. "Nimeambiwa imeiva!"

Na kutoka ndani, sauti ya Bibi, ile iliyokuwa imekuwa mnong'ono, ikatoka na nguvu ambayo sikuisikia tangu augue. "Maiti ni mama yako, mwizi wa mahindi! Nani kamfungulia fisi?"

"Fisi kasikia harufu!"

"Kanuse kwenu!"

Wanawake wa kibarazani walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nilijibana ukutani. Hakuna aliyeniambia, maana kila mtu alidhani najua: yule alikuwa Mzee Mkami, mtani wa ukoo wetu, ambaye Shangazi alimfuata Ulaya. Ukoo wake na wa Bibi walikuwa watani tangu enzi zisizokumbukwa. Mtani ndiye anayewachimbia kaburi, ndiye anayefagia nyumba ya msiba, na kwa sababu hiyo anaweza kukutukana, kukunyang'anya, kukaa kwenye kigoda chako huku umesimama, na ukikasirika, aibu ni yako. Babu alipokufa nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Tangu hapo sikuwahi kumwona mtani kazini. Mimi nilimwona mtu mmoja tu, yule wa kwenye Kitabu, amezeeka kidogo.

Bibi alitolewa nje amekalishwa kwenye mkeka. Mzee Mkami akachukua kigoda chake akakikalia mbele yake.

"Shikamoo kaburi," akasema.

"Marahaba funza."

"Nasikia hutaki kwenda Berega."

"Kakuambia nani?"

"Mimi nimefurahi. Usiende. Kufa hapa hapa, kuku zenyewe nimeziona, zimenona. Ila nina shida moja." Akanyoosha kidole nyuma ya jiko. "Kaburi lako nimelitafutia mahali. Nataka pale, kwenye jiwe."

Bibi akageuza shingo kutazama nyuma ya jiko.

"Udongo wa pale laini," Mzee Mkami akaendelea. "Mimi mzee, mgongo mbovu. Nikisubiri ufe nitachimba kwenye jua la msiba, watu wanalia masikioni mwangu. Nachimba leo. Ukiwa tayari, unaingia."

"Huchimbi pale."

"Nani atanizuia? Una ngumi?"

Akasimama, akavua shati, akaenda. Watu wakamfuata kama wanaokwenda kwenye ngoma. Nilikimbia nikapita mbele yao, nikapanda juu ya jiwe, miguu yangu miwili juu ya msalaba, nikapiga kelele maneno ya unabii, yote, kwa sauti ile ile ya darasani. Halafu mtu akacheka, wakacheka wote, na Mzee Mkami akanishika kwapani akaninyanyua kama mtoto wa mbuzi.

"Huyu ni wa nani?"

"Wa kwangu," Baba akasema. Alikuwa amesimama karibu sana na jiwe. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na yeye hakuwa amefanya kazi yoyote.

"Ana sauti. Mlishe." Mzee akaniweka chini, akatemea mate viganjani, akapiga jembe.

Alichimba huku akimtukana Bibi, na Bibi kutoka mkekani alimrudishia, lakini matusi yake yalipungua kila udongo ulipoongezeka. Alikuwa ameshika ncha ya kanga mdomoni. Ardhi ilitoa vitu: kigae cha chungu, kijiko kilichopinda, mzizi. Kila kitu kilipogonga chuma, umati ulivuta pumzi, na Mzee Mkami alikishika juu akitangaza, "Jino la Mjerumani!" "Kikombe cha bibi harusi!" Jiwe likaanza kuonekana mwili wake. Lilikuwa refu kuliko tulivyodhani, limenyooka, limejengewa chokaa chini. Alilisukuma likalala. Chini yake palikuwa na mguu wake wa chokaa, na chini ya mguu, udongo. Alipiga sururu mara kadhaa zaidi, mpaka shimo likamfika kiunoni, kisha akaegemea mpini.

"Haya, ndugu zangu. Jiwe la wapimaji wa reli. Mawe kama haya yapo mpaka Dodoma." Akamgeukia Bibi, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Hakuna kitu, dada yangu. Umeona kwa macho yako. Sasa unalinda nini?"

Nakumbuka upepo mdogo uliopita ukapeperusha nywele bandia za Shangazi kutoka kibarazani, na hakuna aliyekwenda kuziokota. Mzee Mkami alitoka shimoni akijipangusa. Watu wakaanza kulegea, kuongea, kugeuka.

Ndipo Baba alipochukua sururu iliyokuwa imelazwa ukingoni, akaruka ndani.

Mwanzoni watu walidhani naye anatania. Mmoja alisema, "Baba nanii, umechelewa, dhahabu imeshakwenda na treni!" Lakini Baba hakuinua kichwa. Alipiga. Alipiga vibaya, kwa haraka, bila mpangilio wa mtu aliyezoea kuchimba. Alipiga kwenye kuta za shimo, akakwangua kwa mikono, akapiga tena. Udongo ulirukia miguu ya watu wakarudi nyuma. Nilisikia pumzi yake. Na polepole, mmoja baada ya mwingine, waliacha kucheka. Mzee Mkami, ambaye kila neno lilikuwa halali mdomoni mwake siku ile, hakuwa na neno.

Nilimtazama Bibi. Nilitegemea kumwona ameshangaa kama sisi. Hakuwa ameshangaa hata kidogo. Alikuwa anamtazama mwanawe kwa uso wa mtu aliyekesha mlangoni muda mrefu na hatimaye kaona kinachogonga. Nikaelewa, kwa namna mtoto anavyoelewa, yaani kwa ngozi kabla ya akili, kwamba wale watu wa mashine wa Mikumi hawakuwahi kumkosesha usingizi. Aliyekuwa akimwogopa alikuwa anakula naye sahani moja. Na Bibi alikuwa tayari kufa na uvimbe wake kitandani kuliko kuondoka akampa mwanawe nafasi ya kuwa mchimbaji huyo.

Shangazi alianza kulia. "Kaka, toka! Kaka, watu wanaona!"

"Mwache," Bibi akasema. "Leteni gari."

"Mama?"

"Si mnataka niende Berega? Leteni gari niende. Mimi sina tena kazi hapa."

Pikapu ilikuja na godoro nyuma. Walimnyanyua Bibi, lakini kabla hawajafika garini aliwaambia wamsogeze shimoni. Wakamsogeza, Shangazi upande mmoja, Mzee Mkami upande wa pili. Baba alikuwa amefika kifuani. Mgongo wake ulikuwa mwekundu kwa udongo, na kucha za mkono mmoja zilikuwa zinatoka damu.

"Mwanangu."

Sururu ikasimama.

"Kuna nini humo?"

Baba alitazama kati ya miguu yake kama mtu anayehesabu. "Udongo, mama."

"Basi toka. Njoo unishike mkono. Njia ni mbaya mpaka Berega."

Alitoka. Alisimama mbele yake akifuta viganja kwenye suruali, akafuta tena, na suruali yenyewe ilikuwa imejaa udongo kuliko viganja. Bibi hakungoja. Aliukamata mkono ule ulivyokuwa.

Nyuma yetu Mzee Mkami alikuwa tayari amepata sauti yake. "Nendeni! Shimo nitafukia, ila huyu kuku naondoka naye, na akirudi mzima huyu mwanamke mtanilipa maiti yangu!" Wanawake wakacheka, cheko la watu wanaotaka sana kucheka.

Mimi niliruhusiwa kupanda kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kunikatalia. Bibi alipasuliwa, akapona, akaishi mpaka akaniona nikiolewa, na habari ya siku ile hakuitaja tena, wala kwangu, wala kwa Baba, wala kwa Mungu kwa sauti ya kusikika. Baba alipata kibarua stesheni, akajenga banda la kuku, akazeeka katika upole wake. Watu wengine wangesema mambo yaliisha vizuri. Mimi nimeandika hadithi za kutosha za majasusi na unabii kujua kwamba msomaji hufurahi adui akishafunuliwa, kana kwamba kumjua ndiyo mwisho wa kazi.

Lakini mimi nilikaa mkabala nao nyuma ya pikapu, njia nzima, vumbi likitupaka rangi moja. Bibi alikuwa amelala chali, macho ameyafumba, na mkono wa Baba ameushika kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu ambayo sikudhani anayo, mpaka vifundo vikawa vyeupe. Gari lilipopunguza mwendo kwenye mashimo alikaza zaidi. Nilimtazama Baba, alikuwa anatazama nyuma, tulikotoka. Na mpaka leo sijui kama Bibi alimshika vile ili asife peke yake, au alimshika ili Baba asiruke kurudi kule.